Mtoto wa Kitambaa na Kalibu ya Nta



Tangu Noeli iliyopita walimu wa vigango jirani wameniuliza mara nyingi, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo: Je, yule Mtoto wa pangoni kwenu mlimpata wapi? Nikiwajibu kwamba tulimtengeneza wenyewe kwa kitambaa, udongo na nta ya nyuki, huuliza tena jinsi ya kazi yenyewe. Basi nimeona yafaa niandike habari yote kwa taratibu katika gazeti letu, ipate kufika kwa wote mara moja. Lakini sharti niseme mapema kwamba kazi ya mikono ilikuwa nusu tu ya habari hii. Nusu ya pili ilikuwa shauri lililotokea katikati yetu, nalo lilikuwa zito kuliko kazi.

Mtoto tuliyekuwa naye zamani alikuwa wa jasi, amepakwa rangi. Jasi ni nzuri mahali pakavu, lakini haipatani na maji. Wakati wa mvua bati moja la chumba cha vyombo vya kanisa lilikuwa limetoboka, maji yakaingia sandukuni kidogo kidogo pasipo mtu kujua. Hata mwezi wa Agosti tulipofungua sanduku tukamkuta Mtoto amemomonyoka. Kichwa kimeachana na shingo, na vidole vimekuwa unga. Wazee wa kigango wakakaa shauri. Kununua mwingine ni fedha, tena ni safari, maana kutoka Inyonga hata Mpanda au Tabora si karibu. Na fedha ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kwa ajili ya mabati.

Hapo ndipo niliposema: Nta tunayo.

Kwa wasomaji walio mbali, Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi uliokatwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Nchi hii ya Ukonongo imezungukwa na msitu wa miombo, na wenyeji wake ni warina asali tangu enzi za mababu. Mizinga yao ni ya magogo na ya magome, hutundikwa juu ya miti, na msimu ukifika wanaume huenda kukaa kambini msituni siku nyingi. Baba yangu alikuwa mrina asali, nami nilijifunza kwake kuchemsha nta kabla sijajua kusoma. Masega yakiisha kukamuliwa hutiwa katika maji ya moto, yakayeyuka. Kisha hutiwa katika gunia na kukamuliwa kwa miti miwili. Nta huelea juu ya maji, nayo ikipoa huwa kama mkate wa rangi ya manjano, na uchafu hubaki chini.

Wengine hudhani nta ni takataka ya asali. Sivyo. Nyuki wafanyakazi huitoa tumboni mwao kama vigamba vidogo, na wajuzi wa nyuki hukadiria kwamba hula asali kilo sita au zaidi ili watoe kilo moja ya nta. Mama Kanisa naye aijua thamani yake, maana katika usiku mtakatifu, shemasi aimbapo Mbiu ya Pasaka mbele ya mshumaa, kazi ya nyuki hutajwa kwa sifa. Basi nikawaambia wazee kwamba kitu kinachofaa kuangaza usiku wa Pasaka hakiwezi kukosa kufaa usiku wa Noeli.

Maswali mawili yakatokea. Mzee mmoja alisema kwamba kitambaa na nta ni vitu vya michezo ya watoto, na mbele ya altare panatakiwa kitu cha heshima. Nikamweleza habari za Mtoto Yesu wa Prague, ambaye Wakristo wa nchi nyingi humheshimu. Sanamu ile ina urefu wa sentimita 47 hivi. Ndani ni mti, na juu ya mti imefunikwa nta, nayo huvikwa nguo za kitambaa zinazobadilishwa kwa kadiri ya majira ya Kanisa. Polyxena wa Lobkowicz, mke wa mkuu mmoja, aliwapa watawa Wakarmeli sanamu hiyo mwaka 1628. Mwaka 1631 vita vikaingia mjini, askari wakaiharibu nyumba ya watawa, sanamu ikatupwa nyuma ya altare, mikono yake imevunjika. Ilikaa katika vumbi hata mwaka 1637, padri mmoja alipoiona na kuirudisha mahali pake, na baadaye ikatiwa mikono mipya. Mzee yule akatikisa kichwa akasema, «Kumbe wetu si wa kwanza kuvunjika.»

Swali la pili lilikuwa la hofu. Mtu mmoja aliuliza kama kufinyanga mtu kwa nta si kazi ya waganga, na kama si sanamu ile tuliyokatazwa katika Amri za Mungu. Hapo nilijibu kwa upole, maana hofu ya namna hiyo haiondoki kwa kukemewa. Nilisema, tulikatazwa kuabudu kitu kilichofanywa kwa mikono kana kwamba ni Mungu. Lakini Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulifundisha kwamba heshima tunayoipa sanamu takatifu humwendea yule aliye mfano wake. Mtu akibusu picha ya mama yake aliyekufa, hakuna asemaye kwamba anaabudu karatasi. Tena nikaongeza: Atakaye kumdhuru mtu kwa nta hufanya kwa siri, usiku, sisi tutafanya kazi yetu mchana, mlango wazi, na kila apitaye ataona. Ndivyo tulivyofanya mpaka mwisho.

Wala ufundi huu wa kushikisha kitambaa umbo la uso si mpya duniani. Mwaka 1873 mwanamke wa Marekani, Izannah Walker wa Central Falls katika Rhode Island, alipewa hati ya serikali ya kulinda ufundi wake wa wanasesere. Alitia kitambaa cha pamba gundi, tabaka juu ya tabaka, akakigandamiza katika kalibu mpaka kikashika umbo la kichwa, kisha akakipaka rangi. Kitambaa cha pamba cha nchi ile wazee wetu walikijua sana, maana wafanya biashara wa Salem walikileta Unguja katika karne ya 19, kikafika huku bara mabegani mwa wapagazi. Ndicho tulichokiita merikani. Na mwaka 1905 mama mmoja Mjerumani, Käthe Kruse, aliombwa na binti yake mwanasesere. Baba wa binti huyo, aliyekuwa fundi wa sanamu, hakuwapenda wale wa dukani, akamwambia atengeneze mwenyewe. Mama akachukua taulo, akaijaza mchanga, na kichwa akafanya kwa kiazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo. Mwaka 1910 alionyesha kazi yake Berlin, na wanasesere wake wa kitambaa wakajulikana katika nchi nyingi.

Sisi nasi tulianza na vitu vya nyumbani. Watoto wa kike wa kwetu hufunga gunzi la muhindi kwa kitambaa wakalibeba mgongoni. Upande wa mashariki wa nchi yetu, Wazaramo na Wakwere wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti apewayo mwali akiwekwa ndani. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mwanasesere ni jambo la kigeni. Lililokuwa geni kwetu ni kalibu tu.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe.

Kwanza ni uso. Tuliyeyusha nta kwa kukiweka chombo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto. Msiiweke nta juu ya moto mtupu kamwe, kwani hushika moto upesi kama mafuta. Nta huanza kuyeyuka kabla maji hayajachemka, kwa moto wa nyuzi 62 hata 64 hivi, kwa hiyo maji ya moto yatosha. Tuliichuja katika kitambaa, tukaiacha ipoe mpaka ikawa laini kama ugali, ndipo nikafinyanga uso kwa vidole na kijiti cha mti mgumu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda nyumba kwa nyumba kutazama watoto wachanga, na akina mama wakacheka kwa kuona mwalimu anavyokazia macho vichwa vya watoto wao. Lakini nilipata mengi. Macho ya mtoto mchanga hayako katikati ya kichwa, yako chini kidogo ya katikati. Paji la uso ni pana, pua ni fupi, na mashavu hufunika pembe za kinywa. Mtu asiyetazama vema hufinyanga mzee mdogo badala ya mtoto.

Pili ni kalibu. Uso wa nta ukiisha kukauka tuliupaka maji ya sabuni, na mama mmoja mfinyanzi akaufunika kwa udongo wake wa vyungu, uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, akaubonyeza taratibu ili uingie kila mahali. Hapa pana siri. Udongo ukikauka hupungua, na nta haipungui. Ukiiacha nta ndani mpaka mwisho, kalibu hupasuka. Kwa hiyo alitoa uso wa nta udongo ulipoanza kuwa mgumu, ungali na unyevu kidogo, kisha akaacha kalibu ikauke kivulini siku kadha wa kadha, akaichoma pamoja na vyungu vyake. Na kwa kuwa kalibu hupungua, uso wa kwanza sharti uwe mkubwa kidogo kuliko ule utakiwao.

Tatu ni nta tena. Kalibu iliyochomwa tuliilowesha katika maji mpaka ikashiba, ili nta isigande nayo, tukamimina nta ya moto ndani yake. Ilipopoa ikatoka uso wa nta sawasawa na kalibu. Sasa tulikuwa na vitu viwili vinavyoingiana, udongo ulio na bonde na nta iliyo na kilima. Kitambaa hushika umbo lake katikati ya hivyo viwili.

Nne ni kitambaa. Tulikata merikani iliyofuliwa mara nyingi hata ikawa laini, tukaikata mshazari ili inyumbuke, tukailowesha katika uji mzito wa unga wa muhogo uliotiwa maji ya majani ya mwarobaini, wadudu wasiupende. Tukaitandika juu ya uso wa nta, tabaka nne, kila tabaka ikisukumwa kwa kidole gumba na kijiti katika mashimo ya macho na kando ya pua. Tabaka ya juu tulikuwa tumeitia rangi katika maji ya magome ya mninga, ule mti utoao utomvu mwekundu kama damu, ikapata rangi ya hudhurungi kama ngozi ya watoto wetu. Kisha tukaifunika kalibu juu yake, tukaifunga kwa kamba usiku kucha. Asubuhi kalibu ikaondolewa, na uso ukaachwa kivulini mpaka ukakauka kabisa. Msiuanike juani! Jua la Septemba huku kwetu hulainisha nta, na kazi yote huharibika.

Ulipokauka tuliutoa juu ya nta polepole. Ukatoka mwepesi kama ganda la yai, nao umeshika kila kitu. Upande wa ndani tukaupaka nta iliyoyeyuka kwa unyoya wa kuku, kidogo tu, upate kuvumilia unyevu. Nta ikizidi hupenya na kuleta madoa usoni. Macho hatukuyapaka rangi. Tulishona mistari miwili ya uzi mweusi, macho yaliyofumba, kwa sababu mtoto mchanga hulala.

Hapa nasimama kidogo, maana kazi ilifika kwa mshonaji.

Katika kigango chetu kuna mama mmoja ambaye mshono wake hauna mfano. Nguo aliyoitia kiraka, huoni mahali palipopasuka. Lakini mama huyu amezika watoto watatu, wote kabla ya kutimiza mwaka, wala hana mwingine. Kwa ajili hiyo watu wamempa jina nisilopenda kuliandika. Husema ana mkosi, na mama mwenye mtoto mchanga hamruhusu kumpakata. Wakristo nao husema hivyo, tena wengine waliobatizwa zamani kuliko mimi. Nilipomtaja yeye awe mshonaji, wanawake wawili waliokuwa wakikata vitambaa waliweka mikasi chini wakaenda zao pasipo neno.

Jioni ile mzee mmoja wa kigango akaja kwangu. Ni mtu wa sala, nami namheshimu. Hakuja kwa hasira. Akaniambia, «Mwalimu, mwanangu, mimi sisemi mama huyu ni mchawi. Mungu apishe mbali. Lakini Mtoto huyu atabusiwa na watoto wetu wote siku ya Noeli. Mama zao wakiwa na hofu hawatawaleta. Wewe wataka kumpa heshima mtu mmoja, na kwa ajili yake utawafungia mlango ishirini. Je, mchungaji hufanya hivyo?»

Neno lake halikuwa la kijinga, wala sikulijibu upesi. Nilimwambia, «Baba, nipe usiku huu nifikiri.» Akaniaga vizuri.

Kesho yake alfajiri mama mwenyewe akabisha hodi. Alikuwa amekwisha kusikia, maana katika mji mdogo maneno hutembea upesi kuliko baiskeli. Akasimama nje wala hakutaka kuketi. Akasema, «Mwalimu, nimekuja kukuondolea mzigo. Mpe mwingine kazi. Mimi nimezoea.»

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe aliitaka kazi ile au la. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, «Nguo za wanangu nilizishona mwenyewe, za kuvaa na za kuzikiwa. Nilitaka nishone moja isiyokwenda kaburini.»

Wasomaji wapendwa, nimesoma vitabu kadha wa kadha vya dini, nami nafundisha katekisimu mwaka baada ya mwaka, lakini katika vitabu vyote sikuwa na jibu la kumpa mama yule kwa kumkataza. Nikamwambia, «Mama, kazi ni yako. Nenda ukalete sindano.»

Kisha nikamwendea mzee, nikamjibu mbele ya wazee wenzake, ili lisiwe neno la pembeni. Nikasema: Baba, ulinena kweli kwamba wako ishirini wanaoogopa. Lakini tukimwondoa mama huyu, hao ishirini tutakuwa tumewafundisha nini? Tutakuwa tumewafundisha kwamba hofu yao ni kweli, tena imetiwa muhuri na Kanisa. Mtoto tunayemlaza pangoni alizaliwa mahali pa wanyama kwa sababu mama yake alikosa nafasi nyumbani mwa watu. Hatuwezi kumtengenezea sanamu kwa kumfukuza mama mwingine mlangoni.

Lakini sikutaka mtu alazimishwe. Kwa hiyo nikaomba jambo moja. Nikasema kwamba mwili wa Mtoto sharti ujazwe, na badala ya pamba nataka kila nyumba itakayopenda ilete kipande cha nguo ya mtoto wake iliyochakaa. Atakayeleta na alete. Asiyetaka, hakuna atakayemwuliza. Mzee akaniambia, «Utaona.» Nikamjibu, «Tutaona sote, Baba.»

Juma la kwanza vikaja vipande vitatu, kimoja kutoka nyumbani kwangu. Mfinyanzi alileta cha pili. Cha tatu kililetwa na mama kijana mwenye mtoto wa miezi miwili, naye akakitia mkononi mwa mshonaji mwenyewe, si mkononi mwangu. Nadhani mama kijana huyo alifanya tendo kubwa kuliko maneno yangu yote. Baada ya hapo vikaja kimoja kimoja, vingine vimefichwa ndani ya kanga, vingine vimetupwa dirishani mwangu usiku. Hata Majilio yalipoanza vilikuwa 19. Nyumba zetu ni 31. Sikuwauliza wale 12, wala sitawauliza.

Mshonaji akavikata vidogo, akajaza mwili, mikono na miguu, akisukuma kwa kijiti mpaka pembeni ili pasibaki pengo. Vidole hakuvishona kimoja kimoja, maana ni vyembamba mno. Alishona kiganja kizima kama mfuko, akakijaza kidogo, ndipo akapitisha uzi katikati, mstari kwa mstari, vidole vikaonekana. Uso wa kitambaa akaushona katika kofia ya kitambaa cha namna ile ile, akaijaza nyuma, na mshono akaufunika kwa nywele za uzi mweusi. Kazi ile ilichukua majuma matatu, barazani pa kanisa, mchana, mlango wazi. Watoto walikuwa wakikaa mbele yake na kutazama. Mama zao waliwaita mara ya kwanza. Baadaye hawakuwaita tena.

Mtu mmoja alisema kwamba Mtoto wa zamani alikuwa mweupe mwenye macho ya samawati, na huyu amefanana na watoto wa jirani. Nikamjibu kwamba Bwana wetu alizaliwa Myahudi wa Bethlehemu, wala hakuwa Mzungu wala Mkonongo. Lakini kila taifa limemchora akifanana na watoto wake, ili kila mama ajue kwamba amekuja kwao. Tangu Mtakatifu Fransisko alipotengeneza pango la Noeli huko Greccio mwaka 1223, watu hutumia vitu vya nchi yao kulifanya. Yeye mwenyewe alitumia nyasi, punda na ng'ombe wa kijiji. Sisi tulitumia miombo, nyuki na mninga.

Usiku wa Noeli tukamlaza Mtoto katika kipande cha mzinga wa gogo uliopasuliwa, mzinga mkuukuu wa marehemu baba yangu. Baada ya sala watu wakapanga mstari kuja kumbusu, kama ilivyo desturi. Sikuhesabu watu. Niliona akina mama wengi wamewaleta watoto wao, na wengine wachache walikaa katika mabenchi. Yule mzee alikuja katika mstari. Alipofika mbele hakubusu; alipiga magoti, akakaa kitambo, akaondoka. Mimi nami sikuona vema kumwuliza kitu. Mshonaji alikuwa wa mwisho. Alipoinuka, mama kijana yule alikuwa amesimama nyuma yake, akampa mtoto wake ampakatie wakati yeye anafunga kanga. Watu wengi waliona. Hakuna aliyenena.

Sitaki mtu adhani kwamba yote yamekwisha. Jina lile bado husemwa na baadhi ya watu, ingawa husemwa kwa sauti ndogo zaidi. Desturi ya hofu haifi kwa Noeli moja. Lakini liko tunda lililoonekana. Baada ya sikukuu wasichana walimwendea mama yule wakimwomba awafundishe kutengeneza wanasesere wao. Siku hizi kila Jumamosi alasiri hukutana barazani, na kalibu ile ya udongo imekwisha kutoa nyuso nyingi. Nta ni ile ile. Huyeyushwa na kumiminwa tena, haichakai. Ndugu zao wa kiume nao hujifunza kuchuja nta, na baba zao hawatupi tena masega msituni.

Nimewatazama wasichana wale wakifanya kazi. Amalizapo msichana uso wa kitambaa, huupangusa na kuutazama sana kabla ya kuushona mwilini, na akimpata mwenzake amemshika mwanasesere kwa mguu mmoja humwambia, «Mshike kichwa, ni mtoto huyo!» Neno hilo wamelipata kwa mwalimu wao. Naye alijifunza wapi? Alijifunza kwa watatu ambao hakuruhusiwa na Mungu kuwaona wakikua. Elimu ya mama haikufa pamoja na wanawe, ilikuwa inangoja mtu wa kuipokea.

Basi walimu wenzangu mlioniuliza, hiyo ndiyo kazi. Kumbukeni mambo haya: nta iyeyushwe katika maji ya moto, udongo uachiliwe nta kabla haujakauka, kitambaa kikaukie kivulini, na nta ya ndani iwe kidogo. Kalibu moja yaweza kutumika miaka mingi isipoanguka. Mkitaka kuazima yetu, mleteeni mtu wa kuichukua kwa mkono, wala msiitume katika basi.

Na mnapochagua mshonaji, tazameni kwanza ni nani katika kigango chenu ambaye watu hawampi mtoto apakate. Huenda mkono wake ndio unaofaa.

Nawasalimu nyote katika Kristo. Mtuombee, nasi twawaombea.

Mwalimu wa dini, Inyonga